Ng'ombe Aliyelala Langoni

Kwetu mwenye kosa hutanguliza mtungi. Haji mwenyewe kwanza. Mtungi wa pombe ya ndizi unaletwa asubuhi na mapema, unaegemezwa ukutani kwa yule aliyekosewa, mdomo umefungwa kwa majani ya mgomba, na unaachwa hapo ili kila apitaye auone. Jua likipanda ndipo mwenyewe anafuata, akiwa na mashahidi. Anasema kosa lake kwa kinywa chake, si kwa kinywa cha mwingine. Kisha aliyekosa na aliyekosewa wanachomeka mirija yao katika mtungi ule ule na kuvuta pamoja. Baada ya hapo neno lile limefungwa. Atakayelifungua ndiye mwenye kosa jipya.

Kiangazi cha mwaka 1979, nilipotoka nje kunawa uso, niliukuta mtungi wa Gaspari ukutani kwangu.

Nilijua ni wake bila kuuliza. Shingo ilipata moto, vidole vikajikunja vyenyewe, na mguu wangu wa kulia ukarudi nyuma kama wa mtu anayetaka kupiga mpira.

"Upige teke!"

Alikuwa baba mdogo Anatoli, amesimama mlangoni mwa duka lake ng'ambo ya barabara, mswaki mdomoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesema upige. Unangoja nini?"

"Nauangalia kwanza."

"Unaangalia nini? Kuna sinema humo ndani?" Akatema povu. "Wamekurudisha kutoka vitani wewe, au wameturudishia mtu mwingine?"

Mguu wangu ulirudi mahali pake. Ulirudi polepole, na haukupenda.

Deodata, dada yangu, alikuwa amechutama jikoni akipuliza moto. Aliusikia ule mzaha wote. Hakugeuka.

"Kaka, leo usiwake."

"Nani kakwambia nitawaka?"

"Shairi lako. Unadhani Emilian halisikii? Watoto wa darasa lake wanaliimba wakiruka kamba. Yeye anasimama ubaoni na chaki mkononi, nje baba yake anaimbwa."

Emilian alikuwa mtoto wa Gaspari, mwalimu wa UPE, wale wa mafunzo ya haraka, kijana mpole mwenye suruali moja nzuri. Deodata alimtaka, naye alimtaka Deodata, na tumbo la dada yangu halikuwa limengoja mtungi wa mtu yeyote. Baba yetu alikufa zamani. Mama hayupo. Mtu wa kusema ndiyo nilikuwa mimi, na mimi nisingeweza kusema ndiyo kwa nyumba ya Gaspari bila kunywa naye kwanza.

"Kunywa au kataa," Deodata akasema, sasa amenigeukia, macho mekundu kwa moshi. "Lakini usimpige mtu. Ukimpiga mzee wake leo, mimi nitamzalia nani?"

Nikarudi nje kunawa uso. Nilikuwa na miaka mitano ya kumjibu mtu mwingine.

*

Sisi ni Wahangaza, watu wa mlimani, upande wa Kirushya. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya migomba, na nyumba ya baba mdogo Anatoli ilikuwa ya pili yake, ukipiga chafya huku wanakuombea afya kule. Mwaka 1974 ikaja Operesheni. Watu wote washuke, wakae kando ya barabara, wapate shule na zahanati na bomba la maji. Kijiji kikapewa jina zuri la kwenye mikutano. Sisi tulikiita Mistari, kwa sababu tulipandwa kule kama maharage.

Gaspari ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alipewa tarehe, naye akatupa tarehe. Ili watu waharakishe, ikatangazwa kwamba ukoo utakaokuwa wa kwanza kuezua nyumba zake zote, bila kubakiza hata moja, ndio utakaopewa viwanja vya mbele, vinavyotazama barabara. Wa mwisho watapata kule bondeni kwenye matope na mbu.

Mama yangu, Melania, alikuwa kitandani na homa ya mapafu. Deodata alikuwa amepelekwa Kanazi kwa shangazi Marsiana ili asiambukizwe. Mimi nilikuwa msituni Biharamulo nikipasua mbao. Paa la nyasi liling'olewa mama akiwa ndani. Ilikuwa Novemba, na mvua ya vuli haikumwonea haya mgonjwa. Alinyeshewa usiku kucha, na Jumapili iliyofuata hakuiona.

Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kupasuka. Baba mdogo alinishika mabega akalia mpaka kamasi zikamtoka. "Gaspari alikuja na mgambo," akasema. "Nilimpigia magoti, mwanangu. Nilimshika miguu. Akanisukuma na kiatu."

Nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu alilia, na kwa sababu nilihitaji mtu wa kumchukia siku ile ile, kabla ya jua kuzama. Gaspari alifaa kabisa: tumbo, kofia, na ile sauti yake ya kutangaza hata anapoomba maji.

Kumpiga sikuweza, mgambo walikuwa wake. Nikamtungia shairi. Kutunga nilijifunza mwenyewe, kwenye vipande vya gazeti vilivyofungiwa chumvi na sukari, nikihesabu mizani kwa vidole hadi vidole vikajua kuhesabu bila mimi. Nililitunga hivi:

Gaspari wa Mistarini, mvua itakunyea,
Ulalapo kitandani, nyumba itakupotea,
Mama akiwa homani, paa ulimng'olea,
Kaburi li mlimani, nalo linakungojea.

Lilienea kama moto wa nyika. Liliimbwa kwenye pombe, kwenye shamba la kijiji, kisimani. Aliyelipenda kuliko wote alikuwa baba mdogo. Alikuwa amepata kiwanja cha mbele kabisa, akajenga duka, na kila mgeni aliyesimama kununua mafuta ya taa, aliniita: "Leonidas! Njoo umsomee huyu lile la Gaspari." Nami nilikuja. Nilisimama kwenye kibaraza chake kifua mbele, nikisoma kwa sauti, na yeye akipiga makofi.

*

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978 nilikwenda na mgambo. Nilikwenda na hasira zangu zote, nikidhani ni mali huko niendako.

Kambini, karibu na mto Kagera, mpishi mmoja alinipakulia ukoko wa ugali akasema, "Kula, mtu wa ndizi, ujue chakula cha wanaume." Wenzangu wakacheka. Nilipopata fahamu nilikuwa nimemkaba shingo na macho yake yamepinduka. Aliyenitoa alikuwa Msukuma mmoja mrefu anayeitwa Bulugu. Alinishika mkanda kwa nyuma, akanikalisha chini kama anayekalisha ndama.

Watu wake walikuwa wametoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wakahamia Biharamulo. Hakuwa mtu wa hekima wala wa maneno mengi. Alikuwa mvuta tumbaku, mchafu, na alikoroma. Lakini alinikalia mbele akaniangalia kama mtu anayekadiria mnyama mnadani.

"Mhangaza," akasema, "wewe unachunga vibaya."

"Mimi sichungi. Sina hata mbuzi."

"Una zizi zima humo." Akanigonga paji la uso kwa kidole kigumu kama mti. "Lango likifunguliwa, wewe unamrukia wa kwanza kutoka, unang'ang'ania mkia. Anakuburuta kwenye miiba mpaka mtoni. Halafu unarudi unasema ng'ombe wangu ni wakali."

"Kwa hiyo nifunge lango."

"Ukifunga wanavunja ua. Wewe simama pembeni ya lango. Pembeni, si katikati. Wanatoka, unawataja rangi. Huyu mwekundu, anataka kupiga. Huyu mweusi wa tumbo jeupe, anasema wananidharau. Usimpige, usimshike mkia, usimwambie arudi. Mtaje, apite."

"Halafu?"

"Halafu utaona waliokuwa nyuma. Wanaotangulia ni wale wenye pembe na kelele. Mchungaji mjinga anawajua hao tu. Wa nyuma wananyamaza, na huenda mmoja wao ndiye anayeumwa."

"Na asiyetaka kupita?"

Bulugu akakuna ndevu. "Kila zizi lina mmoja anayelala langoni. Huyo humpigi. Unakaa naye."

Nilimcheka. Nilimwambia hayo ni ya watu wanaoogopa kupigana. Akasema sawa, akalala, akakoroma.

Lakini mizinga ilipoanza kututafuta kule mtoni, sikuwa na kingine cha kufanya na kichwa changu. Nimelala kifudifudi, udongo unaniangukia mgongoni, nikasema kimoyomoyo: huyu wa kijivu, anasema utakufa hapa. Huyu mwekundu, anasema simama ukimbie. Huyu wa mabaka, anamlilia mama. Woga haukuondoka hata kidogo. Ila mikono yangu iliendelea kujaza risasi huku woga ukipita, na niliona kwamba mimi na woga wangu hatukuwa kitu kimoja. Mmoja alikuwa anapita. Mwingine alikuwa amesimama pembeni anaangalia.

Nilifanya hivyo mpaka tukavuka, mpaka tukarudi. Sikumwambia Bulugu. Kiburi hakikuniruhusu.

*

Gaspari alikuja jua likiwa juu ya migomba, na Emilian nyuma yake. Sikuwa nimemwona tangu niende vitani. Uenyekiti ulikuwa umemtoka, na tumbo lilikuwa limekwenda nao. Kabla ya kuingia uani alivua saa yake ya mkononi akampa Emilian ashike. Nilielewa. Alikuwa amekuja tayari kupigwa.

Upande wetu alikaa baba mdogo Anatoli, na mzee Kazimili, jirani, aliyeombwa kusimamia mtungi. Shangazi Marsiana alikuwa amefika kutoka Kanazi, akakaa kwenye mkeka na wanawake wengine wa mlima wetu wa zamani. Deodata hakuruhusiwa kutoka, lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi na nililiona pindo la kanga yake. Mchi wa kinu ulikuwa umeegemea nguzo karibu na goti langu. Sijui nani aliuweka pale. Labda ulikuwa pale siku zote.

Kila mtu mzima alikuja na mrija wake, kama ilivyo desturi.

Kazimili akafungua majani mdomoni mwa mtungi. "Mtungi umekaa ukutani, umeonekana," akasema. "Mwenye mtungi aseme."

Gaspari akasimama. "Wakati ule," akaanza, "ulikuwa wakati wa amri. Wote mnajua. Amri ilitoka juu, ikapita kwangu..."

"Mmesikia!" Baba mdogo Anatoli alikuwa ameshasimama. "Anajificha nyuma ya serikali! Mama wa watu amelala kaburini, yeye anatuletea amri! Leonidas, liko wapi lile shairi? Msomee! Msomee mbele ya mwanawe asikie alizaliwa na nani!"

Lango likafunguka.

Wa kwanza alitoka mwekundu, na alitoka kwa kishindo. Alisema: mchi huo, shika, kichwani, mara moja. Mkono wangu ulikuwa umeshaugusa. Nikasema, huyu mwekundu, anataka kupiga. Nikauangalia mkono kama mkono wa mtu mwingine. Ukarudi pajani.

Nyuma yake mweusi wa tumbo jeupe: wanakutazama, wanasubiri waone kama vita vimekufanya mwanamke. Nikamtaja. Akapita akinisukuma bega.

Kisha akaja wa mabaka, mzuri, pembe ndefu, manyoya yanang'aa. Huyu alikuwa shairi langu. Mistari ilinijia ulimini tayari, kila kina mahali pake, na nilijua nikiisoma pale uani, kwa sauti ile niliyokuwa nayo, Gaspari hatainua kichwa tena Mistarini. Huyo nilimpenda. Nilishika mkia wake, nasema kweli, nilishika. Nikauachia. Ilikuwa kama kuachia mkono wa mtu majini.

Wakapita. Vumbi likatulia kidogo. Ndipo akatoka wa mwisho, mdogo, kijivu, hana kelele. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali tu.

Mbona baba mdogo anapiga kelele kuliko mimi?

Nikamtazama baba mdogo. Nilikuwa sijawahi kumtazama wakati akipiga kelele, kwa kuwa siku zote kelele zake na zangu zilikwenda pamoja. Mdomo ulikuwa unanifokea mimi, lakini macho yalikuwa kwa Gaspari, kwenye midomo ya Gaspari. Mkononi alishika mrija wake, na ncha yake ilikuwa inagonga kigoda, tik tik tik, kama kuku anayedonoa.

"Mzee Gaspari," nikasema. Sauti yangu ilinishangaza mwenyewe, ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Amri niliijua. Sema siku yenyewe."

"Hakuna haja!" akasema baba mdogo. "Siku ile sote tunaijua!"

"Mimi sikuwepo, baba mdogo. Mwache aseme."

Gaspari alikuja kutafuta kipigo, akakuta swali, na swali hakuwa amejiandaa nalo. Akakaa chini, kofia akaiweka magotini.

"Jioni ile nilikwenda kwa mama yako," akasema. Sauti ya kutangaza ilikuwa imemwisha. "Nikamkuta anakohoa damu. Nikasema nyumba hii isiguswe mpaka apone, mimi nitaijibia. Nikamwambia Anatoli, kwa kuwa ndiye shemeji na ndiye jirani. Nikamwambia amwangalie. Kesho yake nikapita na mkubwa kutoka wilayani, anakagua. Nikakuta nyasi ziko chini, mama yako amefunikwa na ngozi ya ng'ombe, ngozi inachuruzika maji. Na Anatoli alikuwa ameshashuka barabarani kudai kiwanja cha mbele. Nyumba yake na za wengine wa ukoo wenu zilikuwa zimeezuliwa. Jioni ile ilikuwa imebaki moja tu, ya mama yako."

Tik tik ya mrija ilikuwa imenyamaza.

"Yule mkubwa akauliza, mlima huu umekwisha? Nikatazama, nikasema ndiyo, umekwisha. Akanipa mkono. Akanisifu mkutanoni, mwenyekiti wa kwanza kumaliza mlima wake. Nami nikafurahi, Leonidas. Sikumletea mama yako hata turubai. Turubai lilikuwepo ofisini, limefunika mbolea. Hilo ndilo kosa langu. Nimelisema kwa kinywa changu."

"Na shairi?" nikauliza. "Limeimbwa miaka yote hii. Ulikuwa na kinywa hiki hiki."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mwenyekiti anayesemwa kwamba alimwezulia mgonjwa, watu wanawahi kwenye shamba la kijiji. Nikasema acha aimbe, wataniogopa. Lilinisaidia kazi. Sikujua litaingia darasani kwa mwanangu."

Emilian alikuwa ameinama, akiizungusha ile saa vidoleni.

Nikawatazama wengine. Mzee Kazimili alikuwa anafukuza nzi ambaye sikumwona. Wanawake wa mlima wetu walikuwa wanakagua mkeka kama waliousuka wao na sasa wanatafuta kasoro. Shangazi Marsiana amejiziba mdomo kwa kanga, lakini hakushangaa. Nilitafuta uso mmoja wenye mshangao uani pale. Ulikuwepo wangu tu, na ule niliokuwa siuoni, nyuma ya mlango wa jikoni.

Walijua. Wote walijua. Walipiga makofi kwenye kile kibaraza, wakijua.

Lango likafunguka tena, na sasa ng'ombe walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza, na wote walikuwa wanakimbilia upande mmoja, kwa baba mdogo na mrija wake. Mwekundu alirudi mkubwa zaidi. Mwingine alisema choma duka. Mwingine, yule niliyemchukia kuliko wote, alisema rudi kwa Gaspari, rudi, umchukie yeye, umeshamzoea. Niliwataja mmoja mmoja. Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kiunoni. Kwa nje, mtu angeona kijana amekaa kwenye kigoda.

"Baba mdogo," nikasema. "Mrija unao. Sema, kisha unywe na sisi."

"Niseme nini? Unamsikiliza huyu? Huyu?"

"Sema tu."

"Nani alimlea Deodata?" Mishipa ya shingo ilimsimama. "Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unatunga nyimbo! Nani alimnunulia sare? Duka lile lililisha nani, nikuulize, lililisha tumbo la nani?"

"Sema, baba mdogo."

"Alikuwa anakufa!" akapayuka. "Leo au kesho, alikuwa anakufa tu! Sisi wazima tungekwenda kukaa kwenye matope kwa ajili ya mtu anayekufa?"

Kule jikoni kitu kilianguka, sufuria au kifuniko.

Mzee Kazimili akasafisha koo. "Hilo," akasema taratibu, "si kusema kosa. Hilo ni kudai kiwanja mara ya pili."

Baba mdogo akamtazama Kazimili, akanitazama mimi, akautazama mtungi. Kwa kitambo nilidhani atakaa. Nilitaka akae. Yule alinibeba mabegani nikiwa mdogo, akanivusha mito ya masika. Akauvunja mrija wake katikati, akaviweka vipande juu ya kigoda, akavuka barabara. Tukasikia komeo la duka likifungwa, mchana kweupe.

Nikachomeka mrija wangu. Gaspari akachomeka wake. Tukavuta.

Nilitaka pombe ile iwe chachu. Ilikuwa tamu, imepikwa vizuri, imechujwa vizuri, haikuwa na kosa lolote.

*

Deodata aliolewa kabla ya mvua. Baba mdogo hakuja. Mkono wa bibi arusi uliwekwa mkononi mwa bwana arusi na mzee Kazimili, mtu baki. Dada yangu alilia, wageni wakasema ni machozi ya kuacha kwao.

Jioni, kabla ya kupelekwa kwa mumewe, aliniita nyuma ya nyumba.

"Kaka, umenipa mume," akasema. "Nashukuru. Lakini umeniondolea baba."

"Mimi? Ni mimi niliyepanda juu ya paa?"

"Alinifunga mkanda wa sare siku ya kwanza ya shule. Nilipougua surua alilala miguuni pangu. Sasa nikikumbuka hayo, nakumbuka na ngozi ya ng'ombe inachuruzika." Akafuta uso kwa kiganja. "Ungewaka tu. Ungempiga mzee Gaspari kofi moja, tungekushika, ungetukana, yangeisha. Hasira zako tulikuwa tumezizoea. Huu utulivu wako ndio sijui niuweke wapi."

Nilikaa vile vile nilivyofundishwa, nikayaangalia maneno yake yakiingia.

Watoto wa shule bado wanaimba. Niliwakataza, wakanicheka, wakasema wimbo si wako. Na ni kweli, vina vyake vimekaa sawa, mizani haipungui, kitu kama hicho hakirudishwi. Kila silabi ipo mahali pake isipokuwa jina la mtu. Nimejaribu kuliweka jina la haki. Anatoli lina mizani moja zaidi ya Gaspari, linaharibu mstari.

Na baba mdogo yupo pale pale ng'ambo ya barabara. Asubuhi anafungua duka, mswaki mdomoni. Namwamkia, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Anaitikia marahaba akitazama migomba.

Mwisho wa mwaka nilipanda lori tupu la pamba linalorudi Biharamulo, nikashuka kwa Bulugu. Alikuwa amepata mke, Kwandu, na risasi aliyobaki nayo begani ilikuwa inamsumbua wakati wa baridi. Nilikuwa nimekwenda kugombana naye. Asubuhi tulisimama zizini, nikamweleza yote, kuanzia mtungi hadi mrija uliovunjika. Alisikiliza huku akitoa vizuizi vya lango, gogo moja moja.

"Kwa hiyo ulimpata," akasema.

"Nilimpata."

"Na moyo ukoje?"

"Mbaya kuliko mwanzo. Mwanzo nilikuwa na adui mmoja na ukoo mzima. Umenidanganya, Bulugu."

"Nilikwambia utapona?" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nilikwambia utaona."

Akapiga mluzi. Ng'ombe wakaanza kutoka, mvuke ukiwapanda mgongoni, naye akinong'ona rangi zao kwa Kisukuma, majina ambayo mpaka leo sijayashika. Walitoka wote wakaelekea mbugani. Akabaki mmoja, jike kuukuu la rangi ya majivu, amelala katikati ya lango. Bulugu alimruka kwa mguu akafuata kundi, hakumpiga.

Nilikaa chini karibu naye, kwenye mavi na umande. Mama yangu alikohoa usiku ule akisikia mikono juu ya paa, na mikono ile aliijua ni ya nani. Hilo halipiti. Nimeshalitaja kwa kila jina ninalolijua.

Yule ng'ombe alitafuna, akanitazama, akaendelea kutafuna. Jua lilitukuta pale.